Mwaka Maziwa Yalipokataa Kuganda

Mama Ngalula tulimzika kule Kakanda, mji mdogo wa migodi, wiki tatu zilizopita. Nilifika kwenye kilio kabla ya misa, nikaketi chini ya turubai pamoja na wanawake wa kanisa lake ambao sikuwajua, nikapewa chai ya rangi na mkate. Binti yake wa mwisho alikuwa akipita kati ya viti na daftari, akiandika majina ya wale watakaosema neno. Aliponifikia aliinama, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, tukuandike kama nani? Ndugu, jirani, ao rafiki?" Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Nikamjibu, "Tulitumikaka pamoja, Likasi. Mwaka mumoja tu." Akaandika neno moja la Kifaransa, *collègue*, mfanyakazi mwenza, akaenda kwa mwingine. Nilipoitwa nilisimama, nikasema kwamba marehemu alikuwa mchapakazi na kwamba alijua maziwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, nikaketi. Yote yalikuwa kweli. Lakini neno lililonipeleka kule, la mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nilirudi nalo Likasi. Mimi ni mwalimu wa mikrobiolojia katika shule ya wauguzi. Kila mwaka tukifika kwenye somo la bakteriofaji, yaani virusi ambavyo havina habari na sisi binadamu, vinashambulia bakteria tu, huwapa wanafunzi mfano wa karakana ya mtindi iliyopatwa na virusi hivyo. Wanacheka, wanaandika, tunaendelea. Ninachowaambia ni nusu ya habari.

Karakana hiyo, atelier kama tulivyoiita, ilikuwa Shituru, mtaa wa Likasi, katika gereji ya nyumba ya matofali mekundu, moja ya zile zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Mwenye nyumba na mwenye kazi alikuwa Madame Odette, mjane mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mtu aliyeogopa lalamiko la mteja kuliko alivyoogopa radi. Upepo ukigeuka kutoka kiwanda cha shaba, harufu ya asidi iliingia mpaka kwenye koo, naye alikuja mbio kufunga madirisha na kutandika vitambaa vibichi chini ya mlango, akisema maziwa husikia kila kitu. Tulikuwa wanne. Wanawake wawili walifunga mtindi kwenye vifuko vya plastiki. Mama Ngalula alichemsha maziwa, kiasi kidogo kutoka kwenye shamba lenye ng'ombe kwenye barabara ya Kambove, na mengine ya unga. Aliyachemsha kwenye sufuria kubwa juu ya mbabula tatu, majiko ya makaa, kisha akaacha yapoe mpaka mkono uweze kuvumilia. Hakuwa na kipimajoto. Alidondosha tone kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, akafumba macho kidogo, akasema, "Sasa." Hapo ndipo mimi niliingia na chupa yangu.

Chupa hiyo ilikuwa chachu. Kila alasiri nilichagua ndoo iliyoganda vizuri kuliko zote, nikateka kiasi, nikakiweka kwenye jokofu, na kesho yake kiasi hicho ndicho kilichogandisha maziwa mapya. Madame alinipa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa nimetoka kupata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari. "Weye ulisoma," aliniambia siku ya kwanza, "utachunga mama ya yaourt." Yaourt ni mtindi, na mama yake ni chachu. Nilijivuna sana. Sikujua ninachunga nini. Najua sasa kwamba mle ndani mlikuwa na bakteria wa aina mbili tu, wengine kama shanga zilizotungwa, wengine kama vijiti, waliotoka wote kwenye pakiti moja iliyonunuliwa Lubumbashi, kila aina ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wasio na tofauti hata ya ukucha. Wakati huo nilijua jambo moja tu: saa sita mchana, nikifungua sanduku la mbao na kuondoa mablanketi yaliyofunika ndoo, uso wa maziwa usitikisike. Ukitulia, tulisema, "Imekamata." Juu yake palikuwa na maji kidogo ya rangi ya kijani-njano. Nilikuwa nikiyateka kwa upawa na kuyamwaga kwenye ndoo ya nguruwe wa Madame, ndoo isiyo na kifuniko iliyokaa chini ya meza yangu. Kisha nilisuuza upawa kwa maji, nikautumia uleule kuteka chachu ya kesho.

Mchana nilikula kwa Mama Ngalula, avenue mbili, yaani mitaa miwili, kutoka kazini. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mnene wa mikono, mcheshi asiyecheka kwa sauti. Watu wake walikuja kutoka Kasai zamani za babu yake, kufanya kazi ya mgodi, lakini yeye alizaliwa Likasi na hakuwahi kuona mji mwingine zaidi ya Lubumbashi. Kaka yake mdogo, Kabeya, alichimba kwa siri kule Shinkolobwe, mgodi wa urani uliokatazwa, na alirudi amejaa vumbi la kijivu. Mama Ngalula hakumruhusu kuvuka kizingiti na viatu. "Ile mavumbi iniuwe minye mbele ya weye?" alimfokea, na Kabeya alivua kila kitu nje, hata shati, akaoga uani kabla ya kuingia. Tulikula bukari, yaani ugali, na mchicha wa lengalenga wa karanga, wakati mwingine samaki wadogo wa kukaanga. Mwishoni alifunua chungu cheusi kilichokaa pembeni mwa dirisha, akanimiminia kikombe cha maziwa yake mwenyewe. Hayakuwa laini kama ya atelier. Yalikuwa mazito, yenye mabonge, siku nyingine makali, siku nyingine matamu, na kila mara yalinukia tofauti kidogo. Niliwahi kumuuliza chachu yake aliitoa wapi. Alinieleza bila kuficha: wachungaji wa lile shamba la Kambove walimpa kidogo kutoka kwenye kibuyu chao, miaka kumi na moja iliyopita, wakati Madame Odette hajafikiria hata kuuza mtindi. "Haijalala hata siku moja," alisema. "Minaongezaka tu maziwa."

Ninaandika maneno hayo polepole kwa sababu yote yaliyofuata yalisimama juu yake. Aliniambia. Nilijua.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu, mvua kubwa ikipiga mabati. Nilifungua sanduku, nikasukuma ndoo kwa kidole, na maziwa yakayumba kama maji ya kuoga. Mama Ngalula alichovya kidole, akaonja. "Iko tamu," alisema kwa mshangao. "Haijaanza hata kuchacha." Tulisema ni baridi, tukaongeza mablanketi. Siku mbili yakakamata, ya tatu yakakataa. Kabla ya Pasaka tulikuwa tukipoteza ndoo moja kati ya mbili. Saa sita nilisimama mbele ya sanduku nikihesabu moja mpaka kumi kabla ya kugusa blanketi, kana kwamba maziwa yanaweza kubadilisha nia wakati nahesabu. Wanawake wa vifuko walikaa mikono mapajani, wakinitazama mgongoni. Kati ya gereji na jiko la Madame kulikuwa na mlango usiofungika vizuri, na kupitia mlango ule tulimsikia akisema kwenye simu, "Hapana, si baridi. Kuko muntu anatia kintu." Tulisikia sote. Tangu siku hiyo Madame alianza kuingia bila kubisha, akinusa mikono yetu, akitafuta sabuni, javel ya kuondolea madoa, dawa ya hospitali.

Mwishoni mwa mwezi wa nne alituita mmoja mmoja sebuleni kwake. Nakumbuka vitambaa vya kufuma juu ya viti, saa ya ukutani iliyosimama, na sahani ya biskuti ambayo aliisogeza kwangu kabla hajasema lolote. Nilichukua moja. Akauliza habari ya chachu, "Béa, ferment iko mu mikono ya nani?"

"Mu mikono yangu, Madame."

"Basi kama ferment inakufa, ni nani anaiuwa?"

Niliirudisha biskuti kwenye sahani. Niliona nimefukuzwa, nimesimama barabarani na diploma yangu, na watu wakisema mtoto yule ndiye aliyemharibia mjane kazi. Sikupanga kusema nilichosema. Kilitoka chenyewe, kama mtu anayeinua mkono kujikinga. "Ya Mama Ngalula inakamata," nilisema. "Kwake, ku nyumba. Inakamata kila siku."

Madame aliivua miwani. "Anafanya yaourt kwake?"

"Maziwa tu, Madame. Ya kula."

"Na ferment anaitoaka wapi?"

Hapo ndipo palikuwa na njia ya kurudi. Palikuwa papana, ningeweza kupita nikiwa nimefumba macho. Nikasema, "Sijue."

Kesho yake asubuhi Madame alisimama katikati ya gereji, sufuria zikiwa bado hazijawekwa motoni. Alisema, "Ngalula, ya kwako inakamata, ya kwetu inakataa. Unieleze." Mama Ngalula alipangusa mikono kwenye pagne yake, kitenge alichojifunga. "Ya minye ni ingine, Madame. Ni ya zamani, ya bachungaji ba kule ferme ya Kambove. Muulize Béa, anajua." Madame akajibu, "Béa nilimuuliza. Anasema hajue." Nilikuwa nimeshika upawa na kitambaa. Niliendelea kufuta upawa ule, uliokuwa mkavu tayari. Nilihisi macho ya Mama Ngalula kwenye paji la uso wangu kwa muda mrefu, kisha sikuyahisi tena. Alifungua pagne ya kazi, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kama ingeishia hapo labda ningepata nguvu ya kusema baada ya siku mbili tatu. Lakini neno lilitoka nje na likakua lenyewe. Madame aliamini kwamba Ngalula aliiba nguvu ya chachu yetu ili aanzishe mtindi wake. Kwenye avenue waliongeza vumbi la Shinkolobwe: kwamba kaka yake analeta lile jiwe linalochoma bila moto, naye analibeba kwenye nguo mpaka kwenye maziwa ya watoto wetu. Wengine hawakujali vumbi wala chachu. Walisema tu, "Hawa bantu ba Kasai," wakaacha sentensi hapo, na katika mji wetu sentensi ya namna hiyo humaliziwa na kila mtu kichwani mwake, kwa mambo ambayo wazee wetu waliyaona wakati watu wengi wa Kasai walipofukuzwa mjini, na hawapendi kuyasimulia. Mwenye nyumba aliyempangishia alimwomba aondoke. Nilimwona Mama Ngalula kwa mbali akipakia godoro kwenye gari la mizigo, Kabeya akimsaidia. Nilisimama nyuma ya ukuta wa shule mpaka gari likaondoka. Walisema ameenda Kakanda.

Wiki ileile Madame alileta pakiti mpya ya chachu kutoka Lubumbashi. Siku ya kwanza maziwa yakakamata. Siku ya pili yakakamata, laini kama kioo. Wanawake wa vifuko waliimba. Madame alinishika bega, akasema, "Unaona?" Nami ndipo nilipoingia katika hofu ambayo sijawahi kupata jina lake. Maziwa yakiganda, basi Mama Ngalula ana hatia na mimi sikukosea sana. Yakikataa, basi tumemfukuza mtu bure, na ni kwa mdomo wangu. Kila mchana nilisimama mbele ya sanduku bila kujua niombe nini. Siku ya tatu niliomba yakamate. Siku ya nne niliondoa blanketi, nikasukuma ndoo kwa kidole, maziwa yakayumba, na kabla hofu haijafika nilihisi kitu kingine kikipita haraka, kitu kama furaha. Niliona aibu nayo pia.

Baada ya hapo hatukuwa na mtu wa kulaumu. Madame alibadilisha mablanketi, akabadilisha shamba, akaleta katekista aombee gereji. Mtu akiangusha kijiko sote tuliruka. Kiangazi kilikuwa kimeingia, asubuhi baridi kali, moshi wa makaa ukitambaa chini. Mwezi wa saba alikuja Bwana Mukalay, mwalimu wa biolojia kutoka Lubumbashi, aliyekuwa likizoni kwa dada yake, aliyeimba kwaya na Madame kanisani. Alikuwa mtu mfupi mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Hakuuliza nani alifanya nini. Aliomba kuonja maziwa yaliyokataa, akaonja kama mtu aliye hotelini, akasema, "Tamu. Bien." Kisha akarudi kesho yake na mkoba.

Alifanya kazi yake kwenye meza ya jikoni, mchana kweupe, mbele yetu sote. Alichemsha maziwa, akayapoza, akayamimina kwenye glasi mbili, akatia katika zote mbili chachu mpya ambayo haijawahi kuingia gerejini. Halafu akateka maji ya kijani kutoka kwenye ndoo iliyokataa, akayasukuma kwa sindano kubwa kupitia kichujio kidogo cheupe, cha ukubwa wa kifungo. "Hapa bakteria hapiti," alisema. "Ni kama ku mlango wa kanisa, tembo inabakia inje." Maji yaliyopita yalikuwa safi kama ya bomba. Akadondosha matone machache kwenye glasi ya kulia tu, akazifunika zote mbili kwa taulo, zikakaa karibu na jiko lenye moto kidogo. Tulingoja mpaka saa tisa. Madame alichemsha chai mara tatu. Bwana Mukalay alisoma gazeti la zamani lililofungiwa sukari, na mimi nilikuwa nikitazama taulo lile, nikijiambia kwamba chini yake kuna jibu ambalo limeshaamuliwa na hakuna maombi yatakayoligusa.

Alipofunua, aliinamisha glasi ya kushoto. Haikutikisika. Akainamisha ya kulia, maziwa yakakimbilia ukingoni na kumwagika kwenye kitambaa cha meza.

"Kuko kintu kimepita mu kichujio," alisema. "Kidogo kuliko bakteria. Ni ugonjwa wa bakteria. Phage." Akatueleza kwa Kiswahili chetu, akichanganya Kifaransa, na leo bado natumia maneno yake darasani. Hakili, hakipumui, hakina haraka. Kinaelea tu mpaka kiguse bakteria wa aina yake, aina moja tu, nyingine zote kinazipita. Kikimpata kinang'ang'ania ngozi yake, kinaingiza uzi wake ndani, na tangu hapo bakteria hafanyi tena kazi yake. Anatengeneza nakala za yule aliyemwingilia, mpaka anapasuka na kuzimwaga nje, nyingi, kila moja ikitafuta ndugu yake. "Na hapa kwenu," alisema, "bote ni bandugu. Ferment ya pakiti moja. Mumoja akifa, bote banakufa. Unaleta pakiti ingine, siku tatu inne inapona, kisha phage inaikuta." Aliinuka, akaingia gerejini, akatazama chini ya meza yangu. "Hii seau, ya nani?"

Ndoo ya nguruwe ilikuwa imejaa maji ya kijani ya siku zote, wazi, hatua moja kutoka kwenye chupa ya chachu. Upawa ulikuwa unaning'inia ukingoni.

"Ni ya minye," nilisema.

Hakunigombeza. "Hapa njo kwabo," alisema. "Hapa banakaa." Akatuagiza tuitoe nje, tuoshe kila kitu kwa javel, tusitumie chachu moja zaidi ya siku chache, tubadilishe kwa zamu. Kisha akauliza, kwa namna ya mtu anayeuliza tu, kama kuna yeyote kwenye mtaa anayegandisha maziwa kwa chachu ya zamani, ya kienyeji. Mmoja wa wanawake wa vifuko alisema, "Ngalula alikuwaka nayo. Yake haikukataaka." Bwana Mukalay akageuka, uso umemng'aa. "Mutu huyo iko wapi? Mule mu chungu chake kuko aina mingi, makumi. Phage inauwa hii, ile inabakia, inatumika. Inachelewa, inabadilika harufu, lakini haikufe. Njo ferment yenye munahitaji. Muniletee huyo mama."

Madame Odette alianza kukusanya glasi. Bwana Mukalay alielewa kutoka kwenye nyuso zetu kwamba ameuliza jambo baya, akavaa sweta lake, akaaga.

Madame alinituma Kakanda mwezi wa nane. Alinipa pagne mpya iliyofungwa kwenye karatasi, na chupa tupu ya kubebea chachu. Nilimuuliza kama atawaambia watu kwamba Mama Ngalula hakufanya kitu. Alinyoosha kitambaa cha kiti, akasema, "Mambo imeshalala, Béa. Usiiamushe. Muambie tu arudie kazi." Nilipanda juu ya gari lililopeleka unga wa mahindi, nikakaa juu ya magunia na wanawake wawili wa biashara, vumbi jekundu likitufuata njia nzima. Nilikuwa nimetunga hotuba. Ilikuwa na sehemu ya glasi, sehemu ya kichujio, sehemu ya ndoo. Niliirudia mpaka wanawake wale wakaniuliza kama ninasali.

Nilimkuta kando ya barabara ambapo malori ya madini hupunguza mwendo, akikaanga bitumbula, aina ya maandazi, kwenye kikaango cheusi. Alikuwa amekonda. Alinitazama, akageuza viwili, akatoa vitatu, akaniambia, "Kaa." Nilikaa kwenye bidoni, dumu tupu la mafuta. Nilimweleza kuhusu ugonjwa wa bakteria, na alisikiliza kwa makini kweli, akaniuliza maswali: unaonekana kwa macho? Unakufa kwa moto? Kwa nini chungu chake haukukimaliza? Nilipomjibu hilo la mwisho alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari nzuri ya mtoto aliyekufa. "Nilikimwanga," alisema. "Siku yenye nilitoka kule kwenu. Banawake ba avenue balikuwa bananitazama. Nikasema, kama banaona ni dawa, nikachunge kwa nini? Nikamwanga mu mufereji, nikaosha chungu."

Chupa tupu ya Madame ilikuwa mapajani mwangu. Niliificha chini ya pagne. Hotuba yote ilikuwa imenitoka kichwani. Nikasema, "Mama Ngalula, minye nilijua. Uliniambiaka ya bachungaji. Nilisema sijue."

"Minajua, Béa."

"Nilikuwa na woga."

"Minajua. Na minye nilikuwa nao." Alimimina unga mwingine kwenye mafuta. Kisha akasema, bila ukali, "Lakini kwangu unasema bure. Minye njo nilikuwaka pale. Kama unataka kusema, enda useme kule ku robinet, kwenye banawake banatekaka mayi. Kule njo balisema yabo. Mbele ya bote. Si ku sikio ya mumoja mumoja." Nilimpa pagne ya Madame. Nilidhani ataikataa. Aliifungua, akaitazama rangi, akaipima upana kwa mikono. "Hii minakamata," alisema. "Ni ya muzuri. Kurudia, sirudie." Akanifungia bitumbula sita kwenye gazeti, akasimamisha lori lililokuwa likielekea Likasi na kumwagiza dereva anishushe Shituru.

Siku tatu sikwenda kwenye bomba la maji. Nilimwambia Madame kwamba chungu kilimwagwa. Alisema, "Pole," akanunua pakiti nyingine, na kwa javel na zamu za chachu kazi ikaanza kusimama. Ningeweza kuacha. Hakuna aliyekuwa akiniuliza. Siku ya nne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilichukua ndoo nikaenda kwenye bomba la mtaa, ambapo wanawake wa avenue tano walipanga bidoni zao mstari mrefu mpaka kwenye reli. Nilikuwa nawajua nusu yao kwa majina. Niliweka ndoo chini, nikaenda mbele ya mstari, wakadhani naruka zamu, wakaanza kunizomea.

Nikasema kwamba Mama Ngalula hakutia kitu kwenye maziwa. Kwamba hakuleta vumbi. Kwamba chachu yake alipewa na wachungaji miaka kumi na moja kabla, na mimi nilijua, nilipoulizwa nikasema sijui ili nisifukuzwe. Kwamba kilichoua maziwa ni ugonjwa mdogo usioonekana, ulikaa kwenye ndoo iliyokuwa chini ya meza yangu mimi. Nilipomaliza maji yalikuwa yakifurika kwenye bidoni ya yule wa kwanza na hakuna aliyeyafunga. Mwanamke mmoja alitema mate pembeni. Mwingine alisema, "Na unakuya kusema leo?" Niligeuka kuchukua ndoo yangu niondoke.

Ndipo mama mmoja wa makamo, aliyekaa juu ya bidoni katikati ya mstari, mtu ambaye sikuwahi kuongea naye, akanyoosha mkono na kunizuia.

"Rudilia," alisema. "Ba kule nyuma habakusikia."

Nikatembea mpaka karibu na reli, nikasimama pale, nikaanza tena tangu mwanzo.